Mkanda wa Sita

Kabati la stoo ya hospitali lilikuwa wazi. Mikebe mitano ya filamu ilikuwemo. Wa sita, wenye mwisho wa hadithi, haukuwemo.

Unaweza kucheka, polisi kuitwa kwa mkebe wa bati. Lakini filamu hiyo ya Hollywood ya mwaka 1931, ya muuaji anayewamaliza wagonjwa hospitalini, ilikuwa ya kuazima, na mwenyewe alikuwa mkali. Kila Jumamosi mchana wauguzi waliwaonyesha wagonjwa wa wodi ya mazoezi ya viungo mkanda mmoja tu, maana zaidi ya hapo wengi husinzia. Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho.

Mkuu wa usafi alikwisha kumpata mwizi wake: Candide, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyepiga nta sakafu ya chumba kile asubuhi. Juu ya nta mbichi palikuwa na alama za miguu mitupu. Nani mwingine? Candide akaambiwa arudishe kitambulisho cha kazi saa tisa. Wiki ijayo kesi yake ya ukimbizi ilikuwa inasikilizwa, na ripoti ya wizi ingemmaliza.

Inspekta Bahadur, mzaliwa wa Tanga, miaka kumi na tisa sasa yuko Toronto, alimkuta ameketi ngazini na ndoo yake.

"Unapiga nta ukielekea wapi?"

"Mlangoni, chef," alijibu, akimwita mkubwa kwa Kifaransa cha kwao. "Kinyumenyume. Ukienda mbele unakanyaga kazi yako."

"Na miguuni?"

"Mabuti ya mpira. Yana nta mpaka sasa."

Alama zile zilikwenda mpaka kabatini, zikarudi. Hazikuwa za mpiga nta. Lakini mwizi gani huyu anavua viatu, tena Februari?

Bahadur akarudi kutazama. Siku za Ijumaa Waislamu walikitumia chumba hicho kusalia. Siku nyingine kilikuwa stoo tu. Mlangoni aliinama, akafungua kamba, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili. Hapo akaduwaa. Nani amemwambia avue? Hakuna. Mikono imefanya yenyewe, mazoea ya tangu utotoni.

Akaziangalia tena alama. Mguu wa kulia ulikuwa kamili. Wa kushoto uliburutwa. Mgonjwa wa kiharusi, basi, tena mwenye mazoea yale yale ya kuvua viatu mlangoni pa kusalia.

Wodini alikuwepo mmoja tu wa namna hiyo. Mzee Fidahussein, fundi saa wa zamani, alikuwa ameketi kando ya dirisha, shati safi, nywele amezichana kwa maji. Kisigino chake kiling'aa nta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe wa nyumbani?"

Bahadur akamwambia ni wa Ngamiani, kule Tanga. Mzee akafunguka, akauliza mitaa, akauliza ukoo, akamshika mkono asiuachie. Ilikuwa dhahiri kwamba wiki nzima hakuna aliyezungumza naye namna hiyo. Bahadur aliona uchungu, akamwacha aseme mpaka pumzi ikamwishia.

"Mkebe uko wapi, mzee?"

"Mkebe gani?"

"Candide anafukuzwa kazi saa tisa kwa sababu yake."

Uso wa mzee ukabadilika. Candide ndiye aliyekuwa akimkata kucha. Akanyanyua mto, na mkebe ukawa pale.

"Sikujua, wallahi. Nilitaka Jumamosi moja zaidi."

Akaeleza. Mwanawe Shahid anafanya kazi ya kompyuta huko Markham, nje kidogo tu ya Toronto. Miezi miwili hakufika, kisha siku moja akaleta nguo, akakuta mkanda wa kwanza unaonyeshwa. Akakaa. Tangu hapo hakukosa hata wiki moja; alitaka kumjua muuaji.

"Hanisemeshi sana," mzee alisema. "Lakini anakaa."

Bahadur alikwenda kwanza kumpigia simu mkuu wa usafi: mkanda umepatikana, mgonjwa aliuweka pasipo pake, Candide abaki na kitambulisho chake. Aliporudi aliuliza, kwa udadisi tu, kama mzee mwenyewe hakutaka kumjua muuaji.

"Ni yule daktari mkuu. Niliiona Tanga nikiwa kijana, mara tatu."

"Na mwanao hukumwambia?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeuliza jambo la kitoto.

"Ningemwambia, angerudi?"

Saa nane Shahid, aliyeambiwa mapokezi kwamba mkanda umepotea, aliingia akipangusa theluji mabegani, akauliza kwa Kiingereza kama mkanda umeonekana.

"Umeonekana," mzee alijibu kwa Kiswahili, akajisogeza taratibu kumpa nafasi.