Nisomee Kwanza

Jirani wa chumba cha chini, yule mshonaji, anaapa kwa kila anayekuja kupimwa nguo kwamba fundi magari alimfukuza mwandishi gerejini, spana mkononi. "Kwa macho yangu haya mawili," anasema, pini zikiwa mdomoni. "Alimtimua kama kuku aliyeingia jikoni!"

Spana ilikuwepo, hilo kweli. Lakini fundi huyo hata chai hunywa na spana mkononi. Na hakumfukuza mtu. Aliuliza swali moja tu, mwandishi akaondoka mwenyewe, gauni lake la bluu likiwa na doa la grisi ubavuni.

Walikutana mwaka uliopita kwenye duka la vipuri, saa ambayo watu wamejazana mpaka mlangoni. Mwandishi aliandika habari za magari, akiwa hajaajiriwa na mtu. Makala zikikosekana, alihariri za wenzake, akinyoosha sentensi zao zilizopinda. Siku hiyo alikuwa na daftari, anauliza watu maswali. Nyuma yake akasimama kijana mrefu, ovaroli imefungwa mikono kiunoni, fulana nyeupe pee.

"Dada, unanunua au unapeleleza?"

"Naandika."

"Basi andika kwamba foleni haisogei."

Akaandika, kisha akamsomea: "'Foleni haisogei,' amesema fundi mmoja mwenye haraka. Ndivyo ulivyosema?"

"Sikusema nina haraka. Na sasa hivi sina kabisa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya mwandishi kazini. Neno la mtu halikwenda kwa mhariri mkuu wa jarida kabla mwenyewe hajapigiwa simu akasomewa. Fundi alizipenda simu hizo kuliko zote. "Bi Nukta wangu, rudia tena," alizoea kusema akiwa chini ya gari, kwa jina la utani alilompa. "Nikisikia maneno yangu mdomoni mwako najiona msomi."

Wakazoeana, na mazoea ndiyo yaliyomponza mwandishi. Siku moja makala ya gari dogo jeupe ilitakiwa mchana ule ule, nayo imezidi mistari minne. Fundi alikuwa amemwambia, "Gari zuri, ila asiyebadilisha oili ya giaboksi mapema atajuta." Mwandishi akakata, akaweka sentensi fupi kwa jina la fundi: "Linunue hili, ulale usingizi." Ilisikika kama fundi mwenyewe. Simu hakupiga. Ya nini, wakati sauti ya mtu huyo alikuwa nayo masikioni kutwa?

Muda si mrefu mwalimu mmoja wa kike akafika gerejini, gari lake jeupe likivutwa kwa kamba, giaboksi imekufa. Akatoa ukurasa wa jarida mkobani.

"Wewe si ndiye uliyesema nitalala usingizi?"

Mafundi wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakaondoka bila kuaga. Mwandishi alipofika jioni, fundi akamwonyesha ukurasa.

"Haya nilisema mimi?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Wiki mbili simu haikulia. Mama yake mwandishi akachoka kumtazama. "Mwanangu, hiyo simu unailinda kama maziwa jikoni. Kama umekosa, si useme umekosa?"

Akampigia mhariri mkuu. "Bosi, nataka marekebisho yatoke, na jina langu liwepo."

"Ukijianika hivyo, makala nyingine utapewa na nani?"

"Weka hivyo hivyo."

Yakatoka: maneno yale aliyatunga mwandishi, fundi alichosema ni hiki. Makala mpya hakupewa tena, akabaki kuhariri za wenzake.

Jumamosi asubuhi alikuwa akifua lile gauni, doa limegoma, simu ikalia.

"Nimesoma," fundi akasema. "Nimeubandika ukurasa ukutani."

"Na mwalimu?"

"Kasoma pia. Anasema anataka kukuona uso kwa uso. Jiandae, ana mdomo yule!"

"Nitakwenda. Na wewe nisamehe."

"Nilishakusamehe, laazizi. Kilichoniuma ni vile ulivyoondoka kimya. Una kalamu hapo?"

Akajifuta povu kwenye kanga. "Ninayo."

"Andika. Fundi anaomba kuja kwa mama Jumapili, na si kwa habari za magari. Anataka mwandishi awe mke wake, kama mwandishi mwenyewe anaridhia. Usikate hata neno."

Akaandika, karatasi ikilowa pembeni. Chumba cha pili mama alikuwa amezima redio. Chini, cherehani ya jirani ilikuwa imenyamaza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya, nisomee."

Akaongeza neno moja chini, 'Anaridhia', kisha akaishika karatasi kwa mikono miwili, simu ameibana begani.

"Bi Nukta? Nisomee basi."