Yule Aliyeshuka Kundelungu

Mado alipofungua lango, alitazama kwanza miguu ya mume wake. Dédé alikuwa amevaa viatu vyote viwili, kamba zimekazwa vizuri. Lakini mchana huohuo Casimir, kaka mkubwa wa Dédé, alikuwa amempigia simu toka mlimani akimwambia kwamba ndugu yake ameteguka mguu, umevimba hata hauingii kwenye kiatu.

"Mguu iko namna gani?" Mado aliuliza.

"Iko muzuri, mama," Dédé akajibu, akampokea beseni la nguo ambalo Mado alikuwa amelishika.

Mado alibaki amesimama. Miaka tisa ya ndoa, Dédé hakuwahi kumpokea kitu. Kiganja chake kilijua kupiga shavu la mkewe tu.

Casimir alikuwa mwalimu wa biolojia katika lycée, shule ya sekondari, mjini Lubumbashi. Miaka mingi alitamani kwenda kwenye milima ya Kundelungu kuona wanyama na maporomoko ya maji ya Lofoi, na safari hii alimchukua mdogo wake, fundi wa magari katika mtaa wa Hewa Bora, ili apumue hewa isiyo na mafuta. Jumamosi hiyo, wakipanda kuelekea juu, Dédé alikanyaga jiwe lililolegea. Wakamketisha kivulini, Casimir akampigia Mado simu. Papo hapo Casimir akaona kwa darubini swala wakubwa, pembe zimepinda nyuma, kumi na mmoja, mbali kwenye nyasi.

"Ngoja hapa. Dakika makumi tatu tu."

Kiongozi wao, Mwenze, alimshika mkono. "Papa, huku hatuachake muntu peke yake. Mulima iko na benyewe."

"Mwenze, mi ni mwalimu," Casimir alisema akicheka, akamvuta waende.

Zikapita saa mbili. Waliporudi, Dédé alikuwa amesimama wima, anatabasamu. Casimir alifurahi. Mwenze hakumsalimu Dédé. Alitangulia mbele njia nzima, na hakugeuka hata mara moja.

Alhamisi Mado alikwenda kumngoja Casimir mbele ya lycée.

"Yaya, ananukia mawe," alinong'ona, akimwita kaka kama mumewe alivyomwita. "Kama mawe yenye kulala mu mayi ya muto. Anasafisha sahani. Anachana mutoto wetu Keren nywele. Jana mutoto alimuwekea sikio ku kifua, akaniambia: mama, mu papa muko mayi inaanguka, na muntu mumoja analia chini yake."

 Kesho yake, saa sita mchana, jua likiwaka, Casimir alimleta Mama Laurentine, mwanamke wa maombi aliyejulikana mtaa mzima kwa kuwatoa watu pepo. Yule aliyeitwa Dédé aliwawekea viti. Mama Laurentine alipoomba, aliitika amina kwa sauti nzuri. Alipomwagiwa maji ya baraka, maji yalimwingia kwenye ngozi kama yanavyoingia mchangani, na hakubaki na unyevu wowote.

Mama Laurentine aliwatoa Casimir na Mado hadi uani.

"Ile si muntu. Dédé wenu angali muzima kule, lakini hana siku mingi. Mado, weye ndio unamulisha huyu, weye ndio unamuita bwana. Umuambie tu kwa kinywa chako: weye si bwana yangu. Atatoka, na Dédé wenu ataonekana."

Mado alitazama dirishani. Ndani, kile kitu kilikuwa kimepiga magoti, kinamfunga Keren kamba za viatu.

"Sema, Mado," Casimir akamsihi. "Ndugu yangu anakufa."

"Yaya, ulikuwa unasikiaka wakati alikuwa ananipiga?" Mado aliuliza polepole. "Toka hapa mpaka kwako ni nyumba ngapi? Tatu. Ulikuwa unasikia."

Casimir aligeuka, akatazama paa la nyumba yake.

"Huyu hanipigi," Mado alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Casimir aliondoka saa ileile kwa jeep ya rafiki. Akamchukua Mwenze kijijini kwake, wakapanda, wakatafuta Jumamosi nzima, wakiita mpaka sauti zikakauka, na kila walipoita, sauti ya Dédé iliwajibu kutoka chini ya maporomoko, kisha kutoka juu, kisha kutoka nyuma yao karibu kabisa, hata Casimir akawa anageuka na kukumbatia upepo, na Mwenze akawa anamsihi kwa machozi asijibu tena, kwa kuwa yeye alisikia sauti ileile ikicheka katikati ya kilio. Jumapili saa tatu asubuhi walimkuta. Alikuwa kivulini palepale walipomwacha, mahali walipopita mara tatu siku iliyotangulia. Mguu umevimba, kucha zimekatika, mdomo umejaa nyasi. Mwili ulikuwa bado na joto.

Casimir alimleta Lubumbashi chini ya turubai, akasimama mbele ya lango la Mado. Mado alitoka, akainua turubai, akatazama uso ule kwa muda mrefu. Akamfuta nyasi midomoni kwa ncha ya kitenge chake. Kisha akafunika.

"Huyu simujui," alisema.

Walimzika Jumatano. Majirani walikuja kwa huruma, wakidhani ni msafiri asiye na ndugu aliyeokotwa mlimani. Mado alikuja na Keren, na kile kitu kilikuja kimevaa suti nyeusi ya Dédé, kikalia kuliko watu wote, hata wanawake wakasema jamani, ona moyo wa mwanaume huyu. Kikatupa udongo kaburini. Kisha kikasogea karibu na Casimir, na harufu ya mawe mabichi ikamjaa puani.

"Yaya," kilimnong'oneza kwa upole, "alikuita weye siku munane. Lakini hakumuita Mado, bibi yake, hata mara moja."

Fundi wa msalaba alikuwa anangoja, brashi mkononi, rangi inaanza kukauka.

"Papa, tuandike jina gani?"

Casimir alifungua kinywa. Watu wote walimtazama, na katikati yao Dédé alimtazama, amemshika Keren mkono.

"Usiandike kitu," Casimir alisema.