Maji Ambayo Evaristo Hakuyahesabu

Jumamosi asubuhi Evaristo Zamudio hakutoka kitandani. Alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali alikosa pumzi. Miguu yake ilikuwa imevimba.

Miaka ishirini na sita alikuwa amepogoa mizabibu katika bonde la California. Kisha kisukari kikamharibia figo polepole. Sasa kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alitakiwa kwenda kituoni kusafishwa damu kwa mashine. Alhamisi hakwenda. Leo pia alikuwa amegoma.

"Twende, mume wangu," Otilia alimbembeleza.

"Niende nikateswe? Misuli inakaza mpaka natamani kulia. Siendi!"

Otilia hakubishana naye. Aliingia jikoni akampigia simu Petronila Arreola.

Petronila alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Hakuwa daktari. Alikuwa mwenzao, ametoka Michoacán, kule Mexico, kama wao, akachuma nyanya kama wao, kisha akajifunza kazi ya kuwasaidia wagonjwa wa figo majumbani. Marehemu mumewe alitumia mashine ile miaka saba.

Alipomwona Evaristo, tabasamu lilimpotea.

"Kaka, umekaa tu, lakini unahema kama umepanda mlima."

"Nitakwenda Jumanne."

"Hii si ya kusubiri Jumanne. Maji yamekujaa mwilini, sasa yanaingia kwenye mapafu. Moyo unaweza kusimama. Otilia, ita gari la wagonjwa. Na wewe vaa viatu."

"Haviingii."

"Vaa ndala. Hatuendi harusini."

Hospitalini alisafishwa damu siku ileile. Usiku alilala chali, akalala kweli.

Jumatatu alikuwa nyumbani. Petronila akarudi.

"Kwa siku unakunywa kiasi gani?"

"Vikombe viwili tu vya maji. Muulize Otilia."

"Na daktari alikwambia unywe kiasi gani?"

"Alisema kwa Kiingereza. Nikaitikia kwa kichwa."

"Ulielewa?"

"Kichwa ndicho kilichoitikia. Mimi sikuwemo."

Otilia alicheka mpaka akashika meza. Petronila aliomba jagi la lita moja.

"Nimemuuliza daktari wako. Lita moja kwa siku, hicho ndicho kiasi chako. Kila mgonjwa ana chake. Haya, tumimine siku yako ya kawaida."

Evaristo akamimina vikombe viwili vya maji.

"Kahawa ya asubuhi?" Akaongeza kikombe.

"Supu ya nyama ya Otilia?"

"Supu nayo ni maji?"

"Ulidhani ni mawe?"

Akaongeza bakuli zima. Ikafuata juisi ya rozela, likafuata tikiti, ikafuata barafu aliyotafuna mchana. Jagi likafurika. Maji yakatiririka mezani, yakamlowesha suruali.

"Figo zako hazitoi mkojo tena," Petronila alisema kwa upole. "Maji yote haya yanangoja mashine. Yakiwa mengi, mashine inayavuta mengi kwa saa chache, na misuli inakaza. Ukiikimbia mashine, yanazidi. Siku ya kurudi unaumia zaidi."

"Kumbe najiumiza mwenyewe?"

"Hukujua. Sasa unajua."

Alimgeukia Otilia. "Dada, chumvi ndiyo mama wa kiu. Punguza jibini, soseji na supu za kopo. Tia limau, kitunguu saumu, pilipili. Ila usinunue chumvi mbadala bila kumuuliza daktari. Nyingi zina madini yanayoweza kuudhuru moyo wake."

Jumanne Petronila alikwenda naye kituoni, akamtafsiria.

"Mbona hukusema kwamba unaumia?" muuguzi aliuliza.

"Nilisema. Kwa Kihispania," Evaristo alijibu.

Muuguzi aliona haya. Alimwita daktari, wakaongeza nusu saa ili maji yatoke taratibu. Wakamwonyesha pia namna ya kusema mapema, mguu unapoanza kukaza tu.

Haikuwa rahisi. Julai ilichoma kama tanuri. Siku moja alikula nusu ya tikiti kwa siri. Kesho yake mizani ikamchongea, na Otilia akamnunia hadi jioni. Lakini hakukosa mashine hata siku moja. Misuli ikapunguza hasira zake. Mwezi wa tisa daktari akamwambia, kwa Kihispania cha kuungaunga, kwamba waanze vipimo vya kumtafutia figo mpya. Evaristo akamwomba aeleze mara mbili. Safari hii hakuitikia kwa kichwa tu.

Mwezi wa kumi mjukuu wao alibatizwa. Katika ukumbi wa kanisa, akodioni ilipolia, Evaristo alimvuta mkewe katikati. Wakacheza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Jumamosi ile," alimnong'oneza, "nilikuwa nimeamua nisirudi tena kituoni. Kabisa."

Otilia hakuacha kucheza.

"Nilijua," alisema, akamkumbatia zaidi. "Na sasa?"

"Sasa angalia hatua zako, mama. Unanikanyaga."