Mgonjwa Katika Ripoti ya Kimeli

Siku ya soko Silibwet, mwaka wa 1996, Mongina aligongana na kijana mlangoni pa duka la vitabu, karatasi za kijana zikamwagika matopeni. Kijana alikuwa na shati la samawati lililopigwa pasi na koti jeupe la hospitali mkononi. Mongina, mwalimu wa biolojia, akaokota ukurasa mmoja akausoma.

"Hii ameandika nani?"

"Ni mimi. Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni mbaya sana."

Huyo ndiye Kimeli, tabibu aliyekuwa akisomea diploma ya juu. Kila Jumamosi akawa anakuja nyumbani kwa Mongina kufundishwa kuandika kisayansi: sema ulichokiona, usipambe, usifiche. Mwanzoni alimwita "madam" kwa utani. Mvua za masika zilipoanza, alikuwa akimwita mpenzi.

Mwezi wa Juni Mongina alianguka darasani kwa maumivu ya tumbo. Alipozinduka baada ya upasuaji, Kimeli alikuwa amemshika mkono.

"Mimba ilitunga kwenye mrija wa uzazi, wakaukata. Lakini mmoja umebaki. Tutapata mtoto, mpenzi."

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua kitandani. Kila mwezi akawa anahesabu siku.

Septemba Kimeli alileta ripoti ya mwisho. Mongina akaisoma, kalamu nyekundu mkononi. *Mgonjwa, mkulima, miaka 29. Alifika tarehe 14 Juni. Mimba kwenye mrija wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeharibika. Yote miwili iliondolewa. Mgonjwa hajaelezwa.*

Tarehe ilikuwa yake. Miaka ilikuwa yake.

"Kimeli, huyu mkulima ni nani?"

Kimeli akatazama chai yake. "Nilibadilisha kazi tu. Nilidhani hutajitambua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Daktari aliniachia nikuambie. Niliogopa ungekufa moyo."

"Nani mwingine ameisoma?"

"Darasa letu lote. Lakini hawakujui."

Mongina akamfungulia mlango.

Kwa wiki mbili Kimeli alipiga simu shuleni bila kujibiwa. Wiki ya tatu Mongina akaishika.

"Mongina, nakupenda. Nataka nikuoe, hata bila mtoto."

"Hata?"

"Pia chuo kinataka sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya idhini. Bila hiyo nitaanguka."

"Lete fomu."

Alikuja amevaa suti ya kijivu, pete mfukoni. Mongina alikuwa amevaa gauni la maua ambalo Kimeli alilipenda. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, akamrudishia na ripoti, imesahihishwa hadi nukta ya mwisho. Kimeli alipoitoa pete, Mongina hakuinyooshea mkono.

"Andika kwamba mgonjwa ameelezwa," alisema. "Halafu usirudi hapa."

Kimeli alifaulu vizuri, akaoa muuguzi wa hospitali ya Kaplong. Miaka miwili baadaye, Mellen, mwalimu mwenzake wa Mongina, alileta habari ofisini kwamba Kimeli na mkewe wamepata binti.

"Ana kilo ngapi?" Mongina akauliza.

"Tatu na nusu."

"Ni kilo nzuri," alisema, akachukua chaki akaenda darasani.