Chumvi Chini ya Pikapu

Kila jioni ya siku ya mnada, Witness alikuwa na kazi moja: kuosha pikapu kuukuu ya baba yake, Deusdedit, iliyokuwa ikiwapelekea wafugaji chumvi ya ng'ombe.

"Anza chini, kwenye springi," baba alimwambia kila mara.

Lakini pale Gulwe maji hubebwa kwa ndoo, na kuingia uvunguni ni kuchafuka. Witness aliosha milango na boneti mpaka vikang'aa, na baba akamsifu.

Jumanne moja springi ya nyuma ilivunjika. Ijumaa madaktari wa macho wangekuwa Mpwapwa kwa siku moja tu, na Bibi alikuwa amesubiri mwaka mzima kutolewa mtoto wa jicho.

Jumatano fundi Miriam aliingia uvunguni na spana zake. Alivuta mpaka akatoka jasho.

"Baba Witness, bolti zimeshikwa na kutu. Nimezitia oili tangu asubuhi, haipenyi."

"Weka bomba kwenye spana, tuvute wote!"

"Tukilazimisha zitakatikia humo humo, na Bibi atakwenda Mpwapwa kwa ungo."

"Nitapanda," Bibi alijibu kutoka mlangoni, "mradi wewe ndiye dereva."

Deusdedit hakucheka. Alitoa simu. "Ni Stanley huyu, muuza vipuri! Kaniuzia bolti mbovu. Leo atanitambua."

Witness alimkimbilia baba. Stanley hakuwa na kosa lolote.

"Baba, usimpigie. Ni mimi. Sijaosha chini tangu Pasaka."

Baba alishusha simu polepole. Fundi Miriam akachomoa kichwa uvunguni.

"Kumbe ni chumvi! Imeganda kama ukoko wa ugali, oili itapita wapi? Leta maji ya moto, mwanangu, mengi!"

Witness alibeba ndoo nne. Aliingia uvunguni mwenyewe, akamwagia maji, akasugua kwa brashi ya waya mpaka nywele zikajaa kutu. Ndipo fundi akatia oili na kuiacha inywee hadi kesho yake.

Alhamisi asubuhi fundi aligonga bolti taratibu kwa nyundo, akazungusha spana mbele kidogo, nyuma kidogo. Kriii! Ya kwanza ikaachia. Kufikia alasiri springi mpya ilikuwa imefungwa.

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Hata mimi nilisifu milango bila kuinama kuangalia."

Fundi Miriam alifuta mikono. "Witness, mzigo wote wa gari hili umebebwa na mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Paoshe kama vile kila mtu anapaona. Na ukikosea, sema mapema. Ulipotuambia ukweli ndipo tulipojua pa kuanzia."

Jumamosi Bibi alirudi kutoka Mpwapwa, bandeji imeshatolewa. Hakuitazama milango iliyong'aa. Alishika magoti, akainama kuchungulia uvunguni.

"Witness, mjukuu wangu," alisema, "hebu njoo tuanzie huku chini."