Jeneza Lisilotaka Mabega

"Magari yote yamepekuliwa. Hamna kitu."

Sauti ya mkuu wake, Kombe, ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni, chini ya mtandio. Jasusi Kuluthum alisimama kivukoni Likoni, buibui limemfunika mpaka kisiginoni, bastola ya Glock 19 ikimchoma ubavuni, macho yakiwachuja abiria wa miguu mmoja mmoja.

Bi Hanna Lewin alitekwa nyumbani kwake huku Likoni asubuhi hiyo, chai yake haijapoa.

Ajuza wa miaka tisini. Alikuwa mtoto Wanazi walipomchukua babake mbele ya macho yake, kwa kosa la kuwa Myahudi. Mamake alibisha hodi kila ubalozi akiomba nchi moja tu iwapokee, hata meli ikawashusha Mombasa, wawili badala ya watatu. Tangu hapo Bi Hanna hajanyamaza. Shule kwa shule, Likoni mpaka Kisauni, anasimulia.

Kusimulia huko kulimkera Falk, tajiri wa kigeni mwenye genge la wapumbavu wanaomwabudu Hitler hadi leo. Alitaka bibi aungame mbele ya kamera kwamba yote ni uongo. Kisha atupwe baharini. Boti ya Falk ilingoja ng'ambo, upande wa kisiwani. Fuo za kusini zilijaa askari. Njia ilibaki feri.

Akivushwa tu, amekwisha.

Umati ukapisha njia. Janaza.

Wanaume wanne wenye kanzu walilibeba jeneza lililofunikwa kitambaa cha kijani, wakienda mbiombio. Muuza madafu akaweka panga chini, akajipangusa mikono, akasogea.

"Nipisheni nami nipate thawabu."

"Tunatosha!" akafoka wa mbele. "Kaa mbali!"

Muuza madafu akaduwaa. Kuluthum naye nywele zikamsimama. Amezaliwa Mtongwe, akakulia Mtongwe, na pwani hii maiti hakatazwi bega. Hata adui yako akifa utambeba, na nduguze watakupisha. Watu hawa wa kukodi walijifunza kanzu, wakajifunza kofia. La bega hawakuambiwa.

"Mkuu, yumo jenezani."

"Una hakika? Ukimfunua maiti wa watu, Likoni itawaka moto. Na usifyatue risasi, watu ni wengi."

"Sifyatui. Wala siligusi."

Feri ilikwishateremsha mlango.

Kuluthum akajaza pumzi. "Enyi wanaume wa Likoni! Maiti wa watu abebwa na wanne tu? Mabega yenu yako wapi?"

Kumwambia hivyo mwanamume wa Likoni ni kumvua nguo sokoni.

"Laa ilaha illallah!"

Wakamiminika. Wasukuma mkokoteni, makondakta, wauza samaki. Wale wanne wakawekwa kando kwa adabu zote. Jeneza likapokezanwa bega hadi bega, likauacha mlango wa feri, likarudi juu kuelekea barabarani.

Wa mbele akatia mkono ndani ya kanzu.

Bastola.

Kuluthum keshafika. Kiwiko kooni. Goti tumboni. Silaha ikaanguka, mwenyewe akaifuata.

"Wallahi maiti yuwapiga teke!" akapiga kelele muuza madafu.

Wakalishusha haraka. Mzee Abubakar, mwalimu wa madrasa, akaifunua sanda. Bi Hanna alikuwa mdomo umebandikwa plasta, macho yanawaka hasira. Watekaji watatu waliobaki wakatimua mbio, wakaangukia mikononi mwa umma uliochezewa janaza. Polisi ndio waliowaokoa.

Kuluthum akaibandua plasta taratibu. "Shikamoo, Bi Hanna."

"Marahaba, mwanangu. Wako wapi washenzi hao? Walitaka niseme babangu hakuuawa. Nimekataa! Na kesho wakija nitakataa tena!"

Akajiinua, akaketi. Umati ukamsogelea.

"Siku waliyomchukua, majirani walifunga madirisha. Hatukuomba jeshi sisi. Twalitaka mlango mmoja tu ufunguke, mtu mmoja atoke aseme, huyu ni wetu, mwacheni."

Mzee Abubakar akauliza kwa upole, "Na alizikwa wapi, bibi?"

"Hakuzikwa. Hapana bega lililombeba babangu."

Mzee akaushika mkono wake.

"Basi bega langu la leo ni lake."

"Na langu," akasema muuza madafu.

"Na langu mimi." "Na langu." Sauti zikapanda mpaka juu kwenye vibanda.

Bi Hanna, aliyewatolea macho watekaji wake bila kupepesa, akalia kwa sauti na hakuuficha uso.

Sikioni Kombe akakwaruza tena. "Tumemtia Falk pingu, botini kwake. Wewe uko wapi?"

Kuluthum alikuwa keshaupa umati mgongo, anatengeneza mtandio wake.

"Nakwenda kula viazi karai, mkuu. Sijatia kitu tumboni tangu asubuhi."