Tunda Lililozikwa kwa Jina la Joash

Jumamosi hiyo Awiti alikuwa akipiga pasi nguo za kanisani, kwenye kwota za wafanyakazi nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja wa Spring Valley. Mwaka wa sitini na mbili huo. Mafuriko yalikuwa yamemeza boma lao kule Kano, na mumewe Joash pamoja nalo. Maiti haikupatikana. Basi, kwa mila ya Wajaluo, wakazika yago, lile tunda refu na zito, badala ya mtu.

"Lakini hakikisheni amekufa," wazee walionya. "Ukizika yago la mtu aliye hai, udongo utamdai mwenyewe."

Lazarus, kaka mkubwa wa Joash, aliapa kwamba amehakikisha. Akamrithi mjane, akamleta Nairobi alikokuwa mpishi, waanze upya. Na Awiti alimshukuru, jamani, kwa moyo wote!

Mlango ukagongwa.

"Awiti. Ni mimi."

Pasi ilimponyoka. Dirishani alisimama Joash, amekonda, shati limemganda mwilini. Mchana kweupe!

"Usiitike," Lazarus alinong'ona, akiinuka kitandani na kusukuma komeo. "Ni mzimu."

"Kaka, barua hukuipata?" Joash akauliza kwa nje. "Nilisema niko hospitali, Kisumu. Nikasema mnisubiri."

Mkono wa Lazarus ulikimbilia mfuko wa koti. Awiti akauwahi, akachomoa barua. Barua ilikuwa imefunguliwa zamani, imechakaa mikunjoni. Muhuri wa posta ulitangulia mazishi kwa siku kumi na moja.

"Ulijua?"

"Ningekupata vipi wewe?" akasema Lazarus, bila haya.

Shenzi! Mtu aligaagaa matangani mbele ya watu, analia ndugu yangu, ndugu yangu, na barua i mfukoni! Awiti alimsukuma, akafungua komeo, akatoka mbio bila viatu.

Alimkuta Joash kwenye ua wa michongoma. Alionekana mfupi. Miguu haikuonekana. Ilikuwa imezama ardhini. Kisha magoti.

"Joash, twende nyumbani."

"Nyumbani nilishazikwa, shemeji."

Shemeji! Neno hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe. Akamshika mkono, akavuta. Akavuta tena. Mkono ulikuwa baridi. Halafu haukuwepo.

Nyasi pale aliposimama hazikuwa zimelala. Udongo wa Spring Valley ni mwekundu, kila mtu anajua. Kiganjani mwa Awiti kulikuwa na tope jeusi la Kano, bichi. Alilisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mafuta ya taa. Hadi leo, ukimsalimia kanisani, atakupa mkono wa kushoto.